Kundi la kina mama lilinifariji nikiwa mjamzito, sasa mume wangu anataka nijitoe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume mwenye umri wa wiki 7, na ndiye kifungua mimba wangu. Ninakuandikia kwa sababu mimi na mume wangu tumefika mahali hatuelewani kuhusu jambo ambalo kwa mtu wa nje huenda likaonekana dogo: anataka nijitoe kwenye kundi la WhatsApp la wajawazito na wazazi wapya, nami sitaki, na kila tunapolizungumza tunaishia kununiana.

Nilijiunga na kundi hilo mimba ilipokuwa na miezi minne, baada ya rafiki wa kazini kunitumia kiungo. Wakati ule sikuwa na mtu wa karibu wa kumwuliza, kwa kuwa mama yangu alifariki zamani, dada sina, na mama mkwe wangu ni mtu ninayemheshimu sana lakini hatujazoeana kiasi cha kumweleza habari za mwili wangu. Kundini niliwakuta wanawake wapatao 300. Miguu ilipovimba, usingizi uliponipaa, nilipoanza kuogopa uchungu, sikukosa kumpata aliyepita njia hiyo muda mfupi kabla yangu. Siku niliyoandika kwamba mtoto hajacheza tangu asubuhi, mama mmoja alinijibu kwa mkato: “Ondoka sasa hivi uende hospitali, usingoje kesho.” Nilikwenda, nikapimwa, tukakutwa salama. Namshukuru mpaka leo mama huyo ambaye hata sura yake siijui.

Tangu nijifungue mambo yamegeuka. Naamka usiku kunyonyesha, simu nikiwa nimeishika kwa mkono mmoja, na mtoto akishalala mimi naendelea kusoma hadi alfajiri. Huyu anasema wake analala usiku kucha, yule anaweka picha ya wake akitabasamu, mwingine anaeleza jinsi anavyopika, anavyofua na bado anapata muda wa kusuka nywele. Wangu analia kuanzia jioni hadi usiku wa manane. Nilipouliza kundini nifanye nini na kilio hicho, nilipata majibu chungu nzima yanayopingana: mpe maji, usimpe maji, ni gesi tumboni, maziwa yako ni mepesi, unambeba mno ndiyo maana amedeka. Nilibaki nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuwa kabla ya kuuliza. Baada ya hapo msimamizi mmoja wa kundi alinifuata faraghani akaniambia kwamba ana unga wa kuongeza maziwa, na kwamba wengi kundini wanautumia ila hawapendi kusema.

Lakini lililonisukuma kukuandikia ni jingine. Usiku mmoja, saa tisa, niliandika kundini hivi: “Jamani, naomba kuuliza, kuna mwenzangu ambaye anamtazama mtoto wake na hasikii chochote moyoni? Namnyonyesha, namwogesha, lakini ni kama nalea mtoto wa mtu.” Wa kwanza akanijibu: “Mshukuru Mungu, kuna wenzako wanamtafuta huyo mtoto miaka 10 hawajampata.” Wa pili akaandika: “Uchovu tu huo, utazoea.” Wa tatu akaweka kikaragosi cha uso ulioshangaa, na papo hapo mtu mwingine akauliza kuhusu nepi za kufua, mazungumzo yakahamia huko. Niliufuta ujumbe wangu kwa aibu.

Mume wangu hajui kwamba niliandika maneno hayo. Yeye anachokiona ni simu tu, na anasema simu ndiyo inayoniharibu. Hamu ya chakula sina, nalia nikiwa bafuni ili nisisikike, na hata mama mkwe akimchukua mtoto ili nipumzike, usingizi hauji. Je, Shangazi, nijitoe? Na nikijitoa, nitabaki na nani?

Mama wa kifungua mimba

*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kujifungua salama.

Umeniuliza kuhusu kundi, nami nitakujibu kuhusu kundi, lakini uniruhusu nianze na ule ujumbe ulioufuta, kwa sababu katika barua yako yote hakuna jambo zito kuliko hilo. Mzazi mpya kulialia na kubadilikabadilika hisia katika siku za kwanza ni jambo linalowapata wengi. Huanza kwa kawaida siku ya pili au ya tatu, homoni za mimba zinaposhuka ghafla, na hali hiyo hupita yenyewe ndani ya wiki 2. Wewe uko wiki ya 7. Kulia kwa kificho, kukosa hamu ya chakula, kukosa usingizi hata pale mtoto anapokuwa mikononi mwa mtu mwingine, na kumtazama mwanao bila kuhisi chochote ni dalili ambazo mhudumu wa afya akizisikia zote kwa pamoja atafikiria sonona baada ya kujifungua. Mimi siwezi kukupima kwa barua, na sitajaribu. Ninachoweza kukwambia ni kwamba hali hiyo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, unatibika, na haina uhusiano wowote na wewe kuwa mama mwema au mbaya.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wanawake 100 wajawazito, wapatao 10 hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwamba kati ya wanawake 100 waliotoka kujifungua idadi hiyo hufika kama 13. Hebu lipigie hesabu kundi lako lenye watu 300. Kwa makadirio hayo, usiku ule ulipoandika, huenda wanawake kati ya 30 na 40 waliokuwa na simu ile ile mkononi walikuwa katika hali inayofanana na yako. Wapo bila shaka waliousoma ujumbe wako na kutaka kusema “hata mimi”, kisha wakayaona majibu uliyopewa, nao wakajifunza kunyamaza. Hilo ndilo linalonikera katika habari hii, kuliko hata maneno uliyoambiwa.

Kwa hiyo wiki hii, usingoje tarehe ya chanjo, nenda kliniki unakompeleka mtoto au kwa mkunga aliyekuzalisha. Wengi hufika pale wakaulizwa “hujambo, mama?” wakajibu “sijambo”, mtoto akapimwa uzito, wakarudi nyumbani na mzigo wao. Ukihofia kwamba nawe utashindwa kusema, nakili maneno yale yale uliyoyaandika kundini kwenye kipande cha karatasi na umkabidhi nesi asome. Inawezekana atakuuliza maswali ya kipimo kilichotungwa Edinburgh, Uskochi, kikachapishwa mwaka 1987, ambacho kimetafsiriwa katika lugha nyingi na kinatumika sehemu nyingi za dunia. Kina maswali 10 tu kuhusu ulivyojisikia katika siku 7 zilizopita, na kukijibu huchukua dakika chache. Matokeo yake hayatoi hukumu. Yanamwonyesha mhudumu kama unahitaji kuchunguzwa zaidi. Mwombe pia akupime damu, kwani upungufu wa damu na hitilafu za tezi ya shingo baada ya kuzaa huweza kumchosha mtu na kumfadhaisha kwa namna inayofanana sana na sonona. Ikithibitika ni sonona, tiba ipo, kuanzia mazungumzo na mshauri aliyesomea kazi hiyo hadi dawa, na zipo dawa ambazo mama anayenyonyesha anaweza kuzitumia chini ya uangalizi wa daktari. Nayasema haya kwa sababu najua hofu ya kuambiwa “acha kunyonyesha” huwazuia wengi kufungua mdomo.

Kuna swali moja nitakuuliza waziwazi, kwa kuwa kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Je, umewahi kufikiri kwamba ingekuwa afadhali usiamke tena, au kujidhuru, au kumdhuru mtoto? Kama ndiyo, acha kusoma hapa, mwamshe mume wako au umwite mama mkwe, na mwende hospitali leo hii. Vivyo hivyo, ukianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto, au kukesha siku kadhaa bila hata kuhisi uchovu, hiyo si sonona ya kawaida. Ni hali adimu inayompata mzazi mmoja au wawili kati ya 1,000, mara nyingi katika wiki 2 za kwanza, na ni dharura sawa na kutokwa na damu nyingi.

Sasa tulirudie kundi. Waliokujibu usiku ule sidhani kama walikuwa na nia mbaya. Aliyekwambia umshukuru Mungu huenda yeye mwenyewe alimsubiri mtoto kwa miaka mingi, na maneno yako yakamgusa kidonda chake. Hata hivyo, kumwambia mgonjwa ashukuru ni kumfungia mlango, na mtu anaweza kuwa na shukrani ya kweli kwa mtoto aliyepewa huku akiwa mgonjwa wa kuhitaji daktari. Pia kuna suala la ukubwa. Katika kundi la watu 300, ujumbe wa mtu mmoja hudumu dakika chache kabla haujafunikwa na swali la nepi, anayejibu upesi ndiye anayesikika, na mwenye busara anayesoma asubuhi hukuta mazungumzo yamekwisha kwenda mbali. Sehemu ya namna hiyo haiwezi kubeba jambo zito, hata kama kila aliyemo ana moyo wa dhahabu.

Mume wako anakosea akidhani kwamba msaada wa mama kwa mama kupitia simu ni upuuzi. Nchini Kanada ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ukihusisha wanawake 701 ambao muda mfupi baada ya kujifungua walionekana kuwa katika hatari ya kupata sonona. Baadhi walipata huduma ya kawaida tu, na wengine, pamoja na huduma hiyo, walipigiwa simu na mama wa kujitolea ambaye naye aliwahi kupitia sonona ya uzazi akapona na akapewa mafunzo mafupi. Wiki 12 baada ya kujifungua, wenye dalili za sonona katika kundi la huduma ya kawaida walikuwa asilimia 25, na katika kundi lililopigiwa simu walikuwa asilimia 14. Angalia vizuri, lakini, ni msaada wa aina gani uliopimwa pale. Alikuwa mama mmoja kwa mama mmoja, anayejulikana kwa jina, aliyefundwa jinsi ya kusikiliza na jinsi ya kumpeleka mwenzake kwa wataalamu hali ikizidi. Hilo liko mbali sana na kuyatupa ya moyoni mbele ya umati saa tisa za usiku na kungoja nani atadaka.

Ndiyo maana nakushauri upunguze duara. Yule mama aliyekwambia uende hospitali mtoto alipoacha kucheza, mtafute. Mwandikie yeye peke yake, mwambie ulivyokwenda na mlivyokutwa, kwa maana watu wanaosaidia mtandaoni mara nyingi hawapati kujua mwisho wa habari. Halafu angalia kama kuna wengine wawili watatu ambao watoto wao wana umri karibu na wa mwanao na ambao majibu yao kundini huwa ya kiungwana. Watu wanne wanaosalimiana kila siku na kuulizana “umelala?” watakufaa kuliko 300 wanaopita kama abiria wa stendi. Uliza pia kliniki kama kuna kikundi cha wazazi kinachoongozwa na mkunga au nesi, cha kukutana ana kwa ana au cha kwenye simu. Mahali penye mtaalamu, ushauri wa hatari hukatwa kabla haujaenea.

Kundi kubwa bado lina kazi yake. Ukitaka kujua wenzako walibeba nini siku ya kwenda kujifungua, wanamfungaje mtoto mgongoni, walijipanga vipi kurudi kazini, nguo gani inarahisisha kunyonyesha mbele za watu, uliza huko, na ukipata majibu 20 yanayotofautiana hakuna atakayedhurika. Mambo ya dawa na vipimo vyake, ya damu, ya homa, ya mtoto kutocheza tumboni, hayo usiyapeleke kupigiwa kura. Mama yule alikusaidia kwa kuwa hakujaribu kukutibu. Hakukwambia ulale ubavu huu au unywe kitu fulani kwanza, alikwambia uondoke. Wapo wanaoamini kwamba mtoto hupunguza kucheza mimba inapokaribia mwisho, na wanaliandika hilo kwenye makundi kwa kujiamini kabisa, ilhali si kweli: namna ya kucheza inaweza kubadilika, lakini mtoto aliyepunguza kucheza ni wa kwenda kuangaliwa siku hiyo hiyo.

Na kwa kuwa wenzako kundini wako katika hatua mbalimbali, ukiona mjamzito au aliyejifungua juzi ameandika kwamba kichwa kinamuuma sana na macho yanaona ukungu, mjibu kama ulivyojibiwa wewe. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata mtu hata katika wiki za baada ya kujifungua, jambo ambalo wengi hawalijui kwa sababu ya jina lenyewe. Anayelowanisha pedi nzima kwa saa moja, mwenye homa na uchafu unaonuka, mwenye mguu mmoja uliovimba na kuuma, au anayebanwa kifua na kukosa pumzi, huyo naye asikalishwe kwenye simu akisubiri maoni. Kwa mtoto wa chini ya miezi 3, joto la nyuzi 38 au zaidi ni la hospitali siku hiyo hiyo, na pia mtoto anayegoma kunyonya, anayepumua kwa kasi au kwa shida, aliyelegea au anayepata degedege.

Kuhusu kilio cha jioni, naona ulipewa majibu mengi isipokuwa lile la msingi. Watoto wachanga huongeza kulia kuanzia karibu wiki ya 2, hufika kileleni karibu wiki ya 6, yaani hapo hapo ulipo wewe, kisha hupungua polepole mpaka mwezi wa 3 au wa 4. Jioni na usiku ndio wakati wao, na mara nyingi hawanyamazi hata ufanye nini, wakiwa wazima kabisa. Hukumdekeza kwa kumbeba. Mtoto wa wiki 7 hadeki. Maji usimpe, kwa kuwa kabla ya miezi 6 maziwa ya mama yanatosha kwa njaa na kwa kiu, na maji hujaza tumbo lisilo na nafasi na huweza kumletea maradhi ya kuhara. Kilio kikikuzidi hadi ukahisi mikono inatetemeka kwa hasira, mlaze chali mahali salama, toka nje ya chumba kwa dakika chache, vuta pumzi, kisha urudi. Mtoto aliyeachwa alie kwa dakika 5 hadhuriki, lakini aliyetikiswa kwa hasira anaweza kuumia ubongo au kufa, na hilo alijue kila anayemshika, baba na bibi wakiwemo.

Maziwa mepesi ni maneno ya mtaani. Kutosha kwa maziwa hupimwa kwa mtoto: ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, usiku ukiwemo, analowanisha nepi 6 au zaidi kwa saa 24, na mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki unapanda. Kama hayo yapo, maziwa yapo. Kama hayapo, anayetakiwa kuangalia ni mkunga, atakayetazama jinsi mtoto anavyoshika titi, maana mara nyingi tatizo linaanzia hapo. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa na kumalizwa, na hakuna unga unaoweza kuchukua nafasi ya kazi hiyo.

Huyo msimamizi anayeuza unga, usimjibu tena. Angalia alivyokuja: alisoma hofu yako kundini mbele ya watu, akakufuata mahali ambapo hakuna wa kumpinga, akakwambia wengi wanatumia ila hawasemi, ili usiweze hata kuwauliza. Hii si biashara ya mtu mmoja mdogo tu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilieleza jinsi hata kampuni kubwa za maziwa ya kopo zinavyowafikia wajawazito na wazazi wapya kwa njia ya programu za simu, vikundi vya ushauri vya mtandaoni na watu mashuhuri wanaolipwa, licha ya kuwapo, tangu mwaka 1981, kanuni ya kimataifa inayokataza kuzitangaza bidhaa hizo kwa umma. Mama mwenye hofu ya usiku ni mteja rahisi. Mwenye kundi akiwa na bidhaa, sharti aitangaze hadharani, kila mtu ajue kwamba anayeshauri na anayeuza ni mtu mmoja. Ukiweza, mwambie hivyo. Usipoweza, mzuie tu. Na kwa kuwa hujui nani yumo kati ya hao 300, picha za mtoto akiwa uchi, kadi yake ya kliniki na mahali mnapoishi visiende huko.

Basi, ujitoe? Kwa sasa hapana, ila zima milio ya kundi hilo kabisa na ulisome mara moja kwa siku, mchana, ukiwa umekwisha kula. Usiku simu ikae mbali na mahali unaponyonyeshea. Picha za watoto wanaotabasamu na kina mama waliosukwa huwekwa na wale ambao siku hiyo imewaendea vizuri. Waliokesha wakilia hawapigi picha, na wewe unajua hivyo kwa sababu ni mmoja wao. Ukishapata matibabu na kujisikia nafuu, utaamua mwenyewe kama bado linakufaa, na ukiona halikufai, toka bila kuaga wala kueleza.

Limebaki la mume wako. Ameona kitu cha kweli, yaani kwamba mke wake anaumia, akakilaumu chombo kilicho karibu. Ubishi wenu kuhusu simu hautaisha kwa sababu ninyi wawili hamzungumzii jambo moja: yeye anazungumzia usiku unaoupoteza, wewe unazungumzia upweke. Mwonyeshe barua yako uliyoniandikia, na hasa yale maneno uliyoyafuta, kisha mpe kazi mahususi, maana wanaume wengi wakiambiwa “nisaidie” hawajui waanzie wapi. Ambebe mtoto zile saa za kilio cha jioni ili wewe ulale mapema, na amkie zamu moja ya kubadilisha nepi na kumrudisha mtoto kitandani ukishamnyonyesha. Naye umwulize analalaje na anajisikiaje, kwa kuwa sonona huwapata kina baba wapya pia na huwa hawaulizwi. Siku ya kwenda kliniki mfuatane, lakini umwombe akae nje na mtoto wakati nesi anapokuuliza maswali yale 10, kwa sababu baadhi ya majibu utayatoa kwa ukweli zaidi ukiwa peke yako naye. Mume wako umweleze mkiwa njiani kurudi.

Shangazi